Filamu za noir zenye rangi: zipo kweli, na nianze na ipi?

Karani wa Jinja

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada kwa wanaojua sinema za kale.

Tuko vijana wachache hapa Jinja tunaoandaa filamu fupi, ya dakika 20 hivi. Kisa ni cha mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo, mtu mpole, ana mke, ana madeni ya kawaida. Anatokea mwanamke mmoja, mteja wa chama, anamzoea, anamvuta taratibu mpaka siku sefu inafunguliwa usiku. Mtu anakufa. Hadithi inaishia mtoni, kwenye Nile, karibu na pale watalii wanapoonyeshwa chanzo cha mto.

Kila ninayemsimulia anasema hiyo ni noir, yaani sinema ya uhalifu na kiza, na kila mmoja anamalizia kwa amri ile ile: basi lazima iwe nyeusi na nyeupe. Mwenzetu anayehariri ameshaondoa rangi kwenye vipande vya majaribio. Nikivitazama, roho yangu inakataa. Nilitegemea kiza, nimepata ujivu. Nyumba ya mweka hazina kuta zake zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani kuanzia kiunoni kwenda chini, kama nyumba nyingi za zamani za huku. Njia yetu ina udongo mwekundu. Tuna onyesho la kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, ambapo akina mama wamevaa gomesi, yale magauni marefu ya heshima, za kila rangi. Vyote vimelingana, hakuna kinachosema kitu.

Nimeziona za kale kadhaa: Double Indemnity ya 1944, Out of the Past ya 1947. Nazipenda sana, wala sizidharau. Ninachouliza ni hiki: katika enzi ile ile, miaka ya 40 na 50, kuna waliopiga noir kwa rangi? Siulizi zilizokuja miaka ya 70 na kuendelea. Kama zipo, nianze na ipi, na walifanyaje hata rangi isiue hofu? Bando ni ghali, siwezi kupakua filamu kumi kwa kubahatisha.

Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Norman

Kijana wangu, hongera kwa kazi. Mimi nitakujibu bila kuzunguka: noir ni nyeusi na nyeupe, na sababu zipo.

Waliozitengeneza, wengi walikuwa watu waliokimbia Ulaya ya Hitler. Fritz Lang, Billy Wilder, Robert Siodmak, wote walipitia studio za Berlin, na huko walishazoea kumsimulia mtu kwa kivuli chake. Katika hiyo Double Indemnity uliyoitaja, angalia mpiga picha John Seitz alivyoimulika sebule: mwanga wa jua unapenya kwenye pazia la vibao, mistari inamkata mwigizaji Fred MacMurray kuanzia begani mpaka kiunoni, na vumbi linaonekana hewani. Mtu huyo ameshakamatwa kabla hajafanya kosa. Ukiweka rangi hapo, jicho la mtazamaji litakwenda kwenye zulia.

Halafu kuna fedha. Filamu nyingi za uhalifu zilikuwa za bajeti ndogo, na Technicolor, mfumo wa kupiga filamu kwa rangi, haikuwa ya watu wa bajeti ndogo. Kamera yake ilipitisha mikanda mitatu kwa pamoja, kioo ndani yake kikiugawa mwanga, mashine nzito kuliko unavyodhani. Studio haikuuziwa, ilikodishiwa, na ilikuja na mafundi wake. Ilikula taa nyingi mno. Kwa hiyo rangi ilipelekwa kwenye muziki, historia na farasi, na wauaji wakabaki gizani. Nino Frank, Mfaransa aliyeziita hizo filamu noir mwaka 1946, alikuwa anazungumzia picha nyeusi na nyeupe.

Mimi nilikua nikiingia sinema ya Norman pale Kampala, jengo ambalo sasa ni kanisa. Zilipozimwa taa, kile kiza cha ukumbini na kile cha kwenye pazia vilikuwa kitu kimoja. Rangi haikunipa hivyo hata siku moja. Niagara, ile filamu ya rangi, nayo niliiona. Ni picha ya Marilyn Monroe na maji.

Ushauri wangu: baki na nyeusi na nyeupe, ila mmulike upya tangu mwanzo. Kuondoa rangi kwenye kompyuta baada ya kupiga hakukupi picha ya namna hiyo, na ndiyo maana roho yako imekataa.

---

Fundi wa Bombo

Mzee wa Norman, shikamoo. Hilo la kompyuta nakuunga mkono moja kwa moja. Lakini Niagara kuwa Monroe na maji, hapana, hilo siwezi kulipita kimya. Nitalirudia.

Mwanangu wa Jinja, zipo. Anza na Leave Her to Heaven, ya 1945. Kama bando lako linatosha filamu moja tu, iwe hiyo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Bombo, kambini, nikaenda kujifunza ushonaji Mombasa, na sasa nawashonea vikundi vya maigizo na vijana wa filamu wa Kampala. Hiyo filamu niliipata kwa mteja aliyeniletea kwenye flashi, akitaka gauni kama la yule dada. Kompyuta ya dukani haina spika. Nikaitazama bila sauti huku napiga pasi, na muuaji nikamjua kwa nguo zake.

Mwongozaji ni John M. Stahl, studio ni 20th Century Fox, nguo ni za Kay Nelson. Mpiga picha ni Leon Shamroy, na kazi hii ilimpa Oscar ya upigaji picha wa rangi. Gene Tierney ndiye Ellen, mwanamke anayempenda mumewe, mwandishi wa vitabu aitwaye Richard, kwa mapenzi yasiyovumilia mtu wa tatu. Hamtaki mdogo wa mume. Hamtaki binamu yake aliyelelewa naye kama dada. Hamtaki hata mtoto aliye tumboni mwake. Hutaona genge la majambazi, hutaona mtaa wenye mvua usiku. Utaona majabali ya New Mexico, ziwa na misonobari ya Maine, vyumba visafi vyenye mapazia mazuri. Kila kitu kinapendeza, na uovu unatembea humo mchana kweupe.

Onyesho la ziwa litazame polepole. Danny, mdogo wake Richard, ana miguu iliyopooza. Anaogelea, Ellen anamfuata na mashua ya makasia, amevaa miwani ya jua. Mtoto anachoka, tumbo linamkaza, anaita. Ellen haruki. Amekaa, uso umetulia, anamtazama. Nilipokwenda nayo nyumbani na kuisikia, nikagundua hapo muziki umeondolewa kabisa. Kuna maji na sauti ya mtoto, basi. Anapozama na kutoibuka ndipo Ellen anasikia mumewe yuko ufukweni, na hapo ndipo anapiga kelele na kujitupa majini.

Sasa nikuulize: kivuli kiko wapi? Maji ni ya buluu, miti ni kijani kibichi, jua limejaa. Shamroy giza lote amelibana kwenye vioo viwili usoni mwa mwanamke. Katika picha nyeusi na nyeupe miwani hiyo ingekuwa kitu cheusi kimojawapo kati ya vingi. Hapa, kwa kuwa kila kitu kingine kina rangi na uhai, jicho lako linagonga kwenye ile miwani na kukosa pa kuingilia.

Halafu ngazi. Ameamua kuitoa mimba kwa kujiangusha. Kabla ya hapo anajipamba. Anavaa joho la kulalia la buluu hafifu, anapaka midomo, anavaa ndara za chumbani. Anasimama juu ya ngazi, anaingiza ncha ya ndara chini ya zulia ili ionekane amejikwaa. Mimi niliposhika maana ya buluu ile niliiweka pasi chini. Ni rangi ambayo mama angeichagulia nguo za kichanga. Aliyemvalisha alijua anachofanya, na hiyo habari usingeipata kwa kijivu.

Wakati ule kampuni ya Technicolor ilikuwa inatuma mshauri wa rangi kwenye kila filamu, na jina la Natalie Kalmus utaliona kwenye orodha ya mwanzo ya filamu nyingi sana za miaka hiyo. Msimamo wake ulikuwa rangi isimwagwe ovyo: vitu vya nyuma vipoe, rangi kali ipewe mtu au kitu chenye uzito katika hadithi. Waongozaji wengi walimwona msumbufu. Mimi nasema alikuwa na akili ya fundi. Nguo ya bibi harusi haiwezi kung'aa kama wasindikizaji wote wanang'aa.

Sasa Niagara, ya 1953, mwongozaji Henry Hathaway, nguo za Dorothy Jeakins. Mzee wangu, Rose, huyo ni Monroe, anatoka kwenye kibanda chake usiku, watalii wanacheza santuri uani, amevaa gauni la waridi lililokolea, linalobana. Anaomba wapige santuri ya wimbo wake, anakaa, anaimba kwa sauti ya chini huku kama anamwimbia mtu asiyekuwepo. Wanaume wote wanaliangalia gauni. Mume wake George, huyo ni Joseph Cotten, anatoka ndani akiwa hana amani machoni, anakwenda moja kwa moja kwenye mashine, anaivunja santuri kwa mikono yake hata anajikata. Yeye hakuhitaji kuambiwa kwamba mkewe ana mwanamume mwingine. Gauni lilimwambia. Ukiligeuza kuwa kijivu, mume anaonekana kichaa. Likiwa la waridi, unamwelewa na unamwogopa kwa wakati mmoja. Hiyo, mzee wangu, ni noir kama noir nyingine yoyote: mtu anatazama kitu kitakachomwangamiza na hawezi kugeuza uso.

Kwa hiyo, mwanangu, usiondoe rangi. Ipunguze kabla ya kupiga. Amua ni nani katika filamu yako ana haki ya rangi kali, umpe huyo peke yake, wengine wote uwanyime mpaka utakapotaka. Kuta zako za kijani ni hazina. Sefu iwe mbele ya kijani hicho, na mweka hazina umvishe shati linalokaribiana na ukuta, ili nyumba yenyewe iwe imemmeza tayari.

---

Kamera Busia

Kaka, mimi napiga harusi na mazishi hapa mpakani, pande zote mbili. Naongeza ya kwenye kamera tu.

Baada ya hizo za Hajati wa Bombo, tafuta Slightly Scarlet ya 1956, mwongozaji Allan Dwan. Ukiitazama, hadithi usiijali sana, katikati inalegea. Mtazame mpiga picha, John Alton. Huyu alikuwa bingwa wa kiza. Alipiga T-Men ya 1947 na The Big Combo ya 1955 kwa nyeusi na nyeupe, na mwaka 1949 alitoa kitabu cha kufundisha taa. Wakampa Technicolor. Wengine wakipewa rangi wanamulika chumba kizima, maana fedha imelipwa. Alton alizima. Utakuta sehemu kubwa ya chumba ni nyeusi tii, halafu kipande cha kochi, bega la mwanamke, nywele nyekundu za Rhonda Fleming au za Arlene Dahl, basi. Wanaigiza ndugu wawili, mmoja katoka jela kwa wizi wa madukani, na wote nywele zao ni moto. Nimeipiga picha ya skrini kila onyesho la ndani na kuziweka kwenye simu, nazitazama nikisubiri bibi harusi.

Mambo matatu ya kazi yenyewe. Simu na kamera ndogo hujirekebisha rangi kila mwanga unapobadilika. Mtu akitoka uani kuingia ndani, ukuta wako wa kijani utageuka wa manjano katikati ya sentensi. Zima kujirekebisha, funga rangi kwa mkono, vinginevyo mpango wote wa Hajati utaharibika.

La pili, ngozi. Vitabu vya taa za noir viliandikwa kwa nyuso za Kizungu, ambazo zinawaka hata kwa taa ndogo. Ukimwekea mtu wetu taa moja kali toka juu unapata meno na weupe wa macho, uso umepotea. Mwanga utoke ubavuni, uwe mpana, upitie shuka jeupe au uruke kutoka ukutani. Paka mafuta kidogo kwenye mfupa wa shavu. Ngozi nyeusi inashika rangi ya kilicho karibu nayo vizuri sana. Mwanamke wako akisimama karibu na ule ukuta, upande mmoja wa uso wake utapata ukijani. Hicho ni kitu ambacho hao wa Hollywood hawakukipata.

La tatu, saa sita mchana jua letu liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Watu wanalikimbia. Kwa kisa chako mimi ningelitumia, kwenye onyesho la kwanjula hasa, mwanamke akitoka chini ya hema na kuingia juani.

---

Mzee wa Norman

Hajati, marahaba. Nimerudi kuitazama Niagara jana usiku kwa sababu yako.

La gauni nakubali, na nalikubali kwa moyo mweupe. Mume anaelewa kupitia rangi. Lakini nenda kwenye mnara wa kengele. Rose alikuwa amepanga na mpenzi wake kwamba wimbo wao ukipigwa kwenye kengele, ajue mume ameshauawa. Kengele zinapiga, anafurahi. Kumbe aliyekufa ni mpenzi, mume yuko hai. Baadaye anamkimbia mumewe, anapanda ngazi za ule mnara, na mume anamnyonga huko juu. Hapo mpiga picha Joseph MacDonald anafanya nini? Anaondoa rangi! Ni kuta za kijivu, mwanga unaopenya, vivuli vimelala sakafuni, tunawaona toka juu kabisa. Kisha zinaonyeshwa kengele moja baada ya nyingine, zimenyamaza. Ile ni picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa kwa mkanda wa rangi. Saa ya mauti ilipofika, mpiga picha alirudi nyumbani.

Kwa hiyo bado nasimama pale pale, ingawa hatua moja nyuma.

---

Karani wa Jinja

Wazee wangu, na kaka wa Busia, asanteni mno. Nimeiona Leave Her to Heaven. Lile onyesho la ziwa nimelirudia mpaka dada yangu akaniomba nizime, akasema hawezi kumsikia yule mtoto tena.

Nimewaambia wenzangu tunabaki na rangi. Mhariri amenuna ila amekubali. Nami nimepata jambo jingine: hapa kwetu kulikuwa na maporomoko ya Ripon, yaliyofunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa 1954. Niagara ilitoka 1953. Nataka mweka hazina asimame pale mtoni aseme babu yake aliyaona maporomoko, na sasa kuna maji matulivu tu. Mwanamke amjibu kwamba bado yapo, yako chini. Mnaonaje?

Na swali kwa Hajati. Mwanamke kwenye kwanjula nimvishe gomesi nyekundu? Kila mtu anasema nyekundu.

---

Fundi wa Bombo

Hayo maneno ya "yako chini" yaache kama yalivyo, usimruhusu mtu ayaongeze.

Mzee wangu, hilo la mnara umeliona vizuri, na nimefurahi umerudi kulitazama. Ila mimi nalisoma upande wa pili. Kijivu kile kinauma kwa sababu tumetoka kwenye lile waridi. Angepiga filamu yote kijivu, mnara ungekuwa ngazi za kawaida. Na huyo Joseph MacDonald unayemsifu alipata nafasi ambayo wapiga picha wachache wanaipata. Mwaka 1948 alipiga The Street with No Name, nyeusi na nyeupe: askari anajipenyeza kwenye genge, na mkuu wa genge anamzoea. Mwaka 1955 hadithi hiyo hiyo ikatengenezwa upya kama House of Bamboo, mwongozaji Samuel Fuller, Tokyo, rangi, pazia pana la CinemaScope, na aliyeshika kamera ni yeye MacDonald. Itazame ile ya pili pale Robert Ryan anapoingia na kumpiga risasi mtu wake mwenyewe akiwa ndani ya pipa la kuogea la mbao. Maji yanachuruzika kwenye matundu ya risasi. Chumba kina mwanga, mbao ni za kahawia safi, na Ryan anazungumza na maiti kwa upole. Hakurudi kwenye giza hapo, na mimi sijawahi kuona mauaji yaliyonikosesha raha kama hayo. Zitazame mbili hizo usiku mmoja, mzee wangu, halafu uniambie umesimama wapi.

Sasa gomesi. Nyekundu hapana. Nyekundu ndiyo kila mtazamaji anaitegemea, akiiona atajua kila kitu kabla ya dada kufungua mdomo, na mweka hazina ataonekana mjinga kwa kutoona. Ellen havai nyekundu kwenye zile ngazi. Isitoshe udongo wenu wa Jinja ni mwekundu, na ukimpeleka mtoni nguo itashindana na ardhi.

Mimi ningempa manjano ya limau, satini, iliyopoa kidogo. Kwenye kwanjula itakuwa rangi ya sherehe, hakuna atakayemshuku, mama yeyote angeivaa. Ndani ya nyumba, mbele ya kijani chenu, itageuka rangi ya mgonjwa bila wewe kugusa kitu, na hapo Kamera Busia amesema kweli kuhusu ngozi kushika rangi ya jirani. Mtoni jioni, dakika chache kabla ya jua kuzama, itakuwa kitu cha mwisho kuonekana. Akina mama wengine wote kwenye kwanjula niachie nitawapa zambarau, buluu nzito na kahawia. Asivae mwingine manjano hata kitambaa cha kichwa, hata kikombe cha chai mezani kisiwe cha manjano. Hilo mkaguane wenyewe kabla ya kupiga, maana siku ya kazi kuna shangazi atakuja na mkoba wa manjano na mtaona aibu kumwambia.

Mke wa mweka hazina naye mkumbuke. Umemtaja mara moja tu. Mpe kijani cha ukuta, kile kile. Awe amekaa ndani ya fremu muda wote na hatumwoni, mpaka siku atakayosimama uani, mbele ya udongo, na ghafla tumwone.

Kuhusu mshipi wa gomesi: ufungwe chini ya kiuno kama inavyopasa, vifungo viwili upande wa kushoto, na kikoi ndani ili satini isigande mwilini. Watu wa filamu wanapenda kuubana mwili ili muigizaji afanane na Monroe. Usikubali. Gomesi ina heshima yake, na mwanamke huyu heshima ndiyo silaha yake. Atakapokuwa anafungua sefu, mkono wa gomesi uliosimama begani utamfanya aonekane mkubwa kuliko mweka hazina. Mpige kutoka nyuma ya bega hilo.

Gomesi nzuri inakula hadi mita sita, na satini ya rangi moja isiyotofautiana huwa haikai dukani muda mrefu. Naenda Kiyembe, mtaa wa vitambaa wa Kampala, Alhamisi. Nitumie picha ya ukuta iliyopigwa mchana, dirisha limefunguliwa, simu imefungwa rangi kama alivyokueleza kaka yako wa Busia. Nataka niushike mtaa ule nikiwa na kijani chako mkononi, kwa sababu nikishakata, muuzaji hapokei tena.